Nge, punda mwitu au fremu ya chuma: uunde upya mtambo gani wa Kirumi?

Mtu anayetaka kuunda upya mtambo wa vita wa Kirumi huanza na swali la masafa: utarusha hadi wapi? Namwomba aanze na swali jingine. Tundu la kamba lina upana gani, na upana huo ameujulia wapi?

Manati ya mtoto huvuta mpira. Uta hupinda mti. Mitambo hii ilifanya jambo la tatu: ilisokota. Bunda nene la kamba za kano au nywele lilipitishwa kwenye tundu la juu na la chini la fremu, likakazwa mpaka likawa gumu kama gogo, kisha mkono wa mbao ukachomekwa katikati yake. Ukiuvuta mkono nyuma, bunda linasokoteka. Ukiuachia, linajisokotoa kwa mkupuo mmoja na mkono unaruka. Mitambo mingi ilikuwa na mabunda mawili, moja kila upande, na upote uliofungwa kwenye ncha za mikono yote miwili ndio uliosukuma mshale au jiwe.

Mafundi wa Kigiriki waligundua kwamba vipimo vyote vya mtambo huzaliwa na kipenyo cha tundu hilo. Philon wa Byzantium, aliyeandika yapata mwaka 200 KK, ametuachia kanuni mbili. Kwa mtambo wa mishale, gawa urefu wa mshale kwa 9. Jibu ndilo tundu. Kwa mtambo wa mawe, chukua uzito wa jiwe kwa mina, kipimo cha uzito cha Kigiriki, uzidishe kwa 100, tafuta kipeuo cha tatu, kisha ongeza sehemu moja ya kumi. Jibu ni kipenyo kwa vidole, na kidole kimoja ni kama sentimita 1.9. Jiwe la mina 10, yaani kilo 4 na ushei, linataka tundu la vidole 11, kama sentimita 21. Karibu miaka 200 baadaye Vitruvius, aliyekuwa akiiangalia mitambo ya jeshi la Augusto, aliandika vipimo vya Kirumi katika kitabu cha kumi cha kazi yake kuhusu ujenzi. Yeye pia anahesabu kila kitu kwa matundu: urefu wa hiki ni matundu kadhaa, unene wa kile ni nusu ya tundu.

Kwa hiyo anayelijua tundu anaujua mtambo, na asiyelijua anabuni. Mbao na kano huoza ardhini. Kinachobaki ni pete za shaba zilizokaa juu ya tundu kushika bunda. Fundi wa karakana angeziita washa. Nimeilinganisha mitambo minne kwa kipimo hicho kwanza, kisha kwa mambo ya mfuko, nafasi na ufundi.

Nge

Warumi waliuita scorpio, yaani nge: mtambo wa mishale wenye mabunda mawili, wa kubebwa na watu wachache. Hapa ndipo vitabu na udongo vinapokutana.

Mwaka 1912, huko Ampurias kwenye pwani ya Catalonia, Hispania, ilifukuliwa fremu ya nge. Mbao zilikuwa zimeoza, lakini mabamba ya chuma yaliyoivika fremu yalikuwa yamehifadhi umbo lake, na pete za shaba zilikuwapo. Tundu lake ni karibu sentimita 8. Sasa rudi kwa Philon. Mshale wa shubiri tatu ni vidole 36, kama sentimita 69. Gawa kwa 9: vidole 4, sentimita 7.7. Kitabu kilichonakiliwa kwa karne nyingi na kipande cha chuma ambacho wanakili wale hawakukiona kamwe vimetoa takriban namba moja. Kila nikiifanya hesabu hii upya moyo wangu unaruka. Mwaka 1984 ikapatikana fremu ya pili huko Caminreal, mkoa wa Teruel, ya wakati wa vita vya Sertorius, jemadari aliyeiasi Roma, katika miaka ya 70 KK. Tundu lake limezidi sentimita 8 kidogo tu.

Ukiwa na namba hiyo, Vitruvius anakupa yaliyobaki. Nguzo za fremu zina kimo cha matundu 4, bila kuhesabu ndimi zake: sentimita 31. Mikono, matundu 7: sentimita 54. Mfereji anamolala mshale, matundu 19: kama mita 1.46. Mtambo wa ukubwa huo unapita mlangoni, unaingia nyuma ya pikapu, na seremala mmoja mwenye subira anaumaliza.

Erwin Schramm, ofisa wa Kijerumani aliyeunda mitambo kwa ajili ya ngome ya Saalburg, alianza kwa kufuata maandishi peke yake mwanzoni mwa karne ya 20. Fremu ya Ampurias ilipotokea, akapata kitu cha kushika mkononi, akaiunda upya, na mwaka 1918 akachapisha kazi yake yote. Kuanzia kwake, nge ndiye mtambo uliojaribiwa zaidi. Ukikosea utapata wa kukusahihisha, na hilo lina thamani kubwa kwa anayeanza.

Nge pia ana sura. Huko Cremona, Italia, mwaka 1887 lilipatikana bamba la mbele la mtambo wa aina hii, likiwa na jina la Legioni ya IIII Macedonica na tarehe inayolingana na mwaka 45 BK. Mtambo huo ulibaki hapo baada ya vita vya mwaka 69 BK kati ya majeshi ya Vitellius na Vespasian, waliogombania utawala wa Roma. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba katika vita hivyo balista moja kubwa, mtambo wa mawe, ilikuwa inawaangamiza watu, mpaka askari wawili wakaokota ngao za maadui wasitambulike, wakajipenyeza na kukata kamba zake. Wakafa palepale. Kata kamba na mtambo wote unakuwa kuni.

Udhaifu wa nge upo kwenye nakala za Vitruvius. Nakala ya zamani kabisa iliyobaki ni ya yapata mwaka 800, na wanakili walikuwa wakichora alama za namba na sehemu za namba wasizozielewa. Vipimo vingine havijengeki hata ufanyeje. Pia kilichopatikana Ampurias ni kichwa tu. Mfereji, kitelezi, kifyatuo na kigoda vyote vinatoka vitabuni. Kanuni yangu ni kwamba kitabu na chuma vikigombana, nakifuata chuma.

Punda mwitu

Huu ndio mtambo ambao watu wengi wanaufikiria wakisikia neno Warumi: mkono mmoja, bunda moja lililolazwa, jiwe linarushwa juu. Jina lake la Kilatini, onager, ni punda mwitu, na Ammianus Marcellinus, mwanahistoria wa Kirumi wa karne ya 4, anaeleza sababu: punda mwitu akifukuzwa na wawindaji huwarushia mawe kwa mateke. Anasema pia kwamba zamani mtambo huu nao uliitwa nge, kwa kuwa mkono wake unasimama kama mwiba wa mkia. Basi ukisoma maandishi ya karne ya 4, usidhani kila nge ni yule wa Ampurias.

Ammianus alikuwa askari, na alikuwamo ndani ya Amida ilipozingirwa na Waajemi mwaka 359 BK. Maelezo yake ni ya mtu aliyesimama karibu. Magogo mawili ya mwaloni yamechongwa yakawa na nundu kidogo, yameunganishwa na kutobolewa matundu makubwa ubavuni. Kamba zinapita humo. Mkono unainuka katikati kama nguzo ya gari la kukokotwa. Ncha yake ina ndoano za chuma zinazoshika kombeo. Mbele kuna mto mkubwa wa kitambaa cha singa uliojazwa makapi, wa kupokea kishindo. Vijana wanne kila upande huuvuta mkono chini, na mkuu wao hupiga komeo kwa nyundo. Anaonya kwamba ukiuweka juu ya ukuta wa mawe, mtikisiko wake utaubomoa ukuta, kwa hiyo huwekwa juu ya rundo la majani na udongo au la matofali.

Soma tena aya hiyo utafute kipimo. Hakuna hata kimoja. Na fremu ya punda mwitu haijapata kufukuliwa. Anayemuunda anaunda kwa sentensi za mtu mmoja.

Kuna kosa moja ambalo filamu zimelikaza vichwani: bakuli lililochongwa mwishoni mwa mkono, kama kijiko. Ammianus anasema kombeo. Tofauti si ya urembo. Sir Ralph Payne-Gallwey, Mwingereza aliyeunda mitambo hii mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kwamba kombeo huongeza masafa kwa angalau theluthi moja. Mtambo wake mkubwa, wenye uzito wa kama tani mbili, aliripoti ukirusha jiwe la kilo 3.6 karibu mita 450.

Ukiulinganisha na nge, punda mwitu ni rahisi kuanza na ni mgumu kumtetea. Bunda ni moja, kwa hiyo huna taabu ya kusawazisha mawili. Hakuna upote, hakuna kitelezi. Lakini mkono unasimamishwa ghafla na mbao za mbele kila unapofyatuliwa, na mbao hizo zinaumia. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa punda mwitu wa urefu wa mkono mmoja, wa mbao za msonobari na kamba ya katani. Baada ya mapigo kumi na kitu ubao wa mbele ulipasuka, kwa sababu nilikuwa nimeweka kipande cha sponji pale Ammianus aliposema mto mkubwa. Tangu siku ile nayasoma maelezo yake neno kwa neno.

Fremu ya chuma

Kwenye Nguzo ya Trajan huko Roma, iliyozinduliwa mwaka 113 BK, kuna mitambo ambayo haifanani na nge wa Ampurias. Mabunda mawili yamesimama mbali mbali, kila moja ndani ya ganda lake, na kati yake juu kuna upinde wa chuma. Mingine imepakiwa kwenye magari ya kukokotwa na nyumbu. Vegetius, mwandishi wa baadaye, anasema legioni moja ilikuwa na mitambo 55 ya namna hiyo ya magari, dhidi ya punda mwitu 10.

Kuna maandishi ya Kigiriki yanayobeba jina la Heron, mwandishi wa Kigiriki wa mambo ya mitambo, yanayoitwa Keirobalistra, maana yake balista ya mkono, yaliyotufikia katika nakala za Kibizanti pamoja na michoro. Ni orodha ya vipuri: kambestria, yaani vifremu viwili vya chuma vya kushikia mabunda, kamarion, upinde mdogo unaoviunganisha juu, klimakion, ngazi ndogo inayoviunganisha chini. Kwa muda mrefu wataalamu hawakukubaliana hata kama ni mtambo mmoja. Eric Marsden aliyafasiri katika kitabu chake cha mwaka 1971 na kuyahusisha na picha za Nguzo ya Trajan. Wakati huohuo, ardhi ya Romania ilikuwa imeanza kujibu. Orşova, kwenye mto Danube, vilipatikana vifremu vya chuma na upinde wenye urefu wa karibu mita moja na nusu, na Gornea vikapatikana vifremu vingine vidogo zaidi. Majina ya orodha yakapata miili.

Umbo limekubaliana, ukubwa haukukubaliana. Vipimo vya maandishi ni vya silaha ndogo. Upinde wa Orşova ni wa mtambo mkubwa. Hapo ndipo mgogoro ulipo. Alan Wilkins aliiunda Keirobalistra ikiwa na winchi na kigoda. Aitor Iriarte akasoma maandishi yaleyale akaona silaha ya kushikwa na mtu mmoja na kukokiwa kwa kuegemezwa tumboni. Tena kuna swali la mikono. Katika nge wa kale mikono inatazama nje, na ukivuta upote inarudi nyuma mpaka nguzo za fremu ziizuie. Katika dhana ya pili mikono inakaa mbele ya fremu, na ukivuta inapita ndani, katikati ya mabunda. Njia yake ni ndefu zaidi, kwa hiyo bunda linasokoteka zaidi na nguvu inaongezeka. Naegemea mikono ya ndani kwa Orşova, kwa sababu sioni haja nyingine ya kuyatenga mabunda umbali ule. Ila naheshimu hoja za upande wa pili, na ukijenga moja uandike kwenye kibao chake kwamba umechagua.

Kwa gharama, hapa seremala anampisha mhunzi. Unahitaji mtu wa kufua pete na vyuma vya pembeni, au fundi wa kuchomelea aliye mwangalifu, maana kiungo kibaya kikiachia chini ya mvuto kitaruka usoni kwa mtu. Lakini ukiwa na fundi huyo, mtambo huu ni mwepesi, na mbele ya mlengaji pako wazi kuliko kwenye fremu ya mbao.

Balista ya Hatra, na tamaa ya mawe makubwa

Hatra, jangwani kaskazini mwa Iraki, iliangukia mikononi mwa Wasasani, watawala wa Uajemi, mnamo 240 au 241 BK. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wachimbaji walikuta kando ya lango vyuma na shaba za fremu ya balista, na Dietwulf Baatz akazichapisha mwaka 1978. Fremu ina upana wa mita 2.4, tundu sentimita 16. Ni mtambo wa mawe wenye ushahidi mzuri wa fremu nzima, na tayari ni mkubwa kuliko karakana nyingi.

Ungerusha jiwe gani? Hapa utaona jinsi waandishi wanavyotofautiana. Kwa kanuni ya Philon ukiirudisha nyuma, tundu hilo ni la jiwe lisilofika kilo 2. Kwa orodha ya Vitruvius, tundu la vidole 8 vya Kirumi, ambalo ni dogo kuliko la Hatra, linatosha jiwe la ratili 10, yaani kilo 3 na robo. Vitruvius anataka tundu la duaradufu, ambalo linaingiza kamba nyingi zaidi, na hiyo ni sehemu ya sababu. Hata hivyo, anayeiunda Hatra ajiandae kusema amemfuata nani.

Wengi wanataka kikubwa zaidi: mawe ya talanta moja, kilo 26, ambayo mwanahistoria wa Kiyahudi Yosefu Flavio aliyaona Yerusalemu mwaka 70 BK yakienda stadi mbili, kama mita 370, na zaidi. Anasimulia kwamba mawe yalikuwa meupe, walinzi wakayaona yakija na kupiga kelele watu wainame, mpaka Warumi wakayapaka rangi nyeusi. Masimulizi hayo yananitia hofu hadi leo. Lakini fanya hesabu ya Philon: mina 60 zinatoa tundu la vidole 20, karibu sentimita 39. Hilo ni bunda la kamba nene kama shina la mti, mara mbili, ndani ya fremu ya tani kadhaa. Bila mhandisi na uwanja mtupu, mwachie mwenye vyote viwili.

Ukitaka upande wa pili kabisa, udogo, kuna silaha iliyotoka kwenye machimbo ya changarawe karibu na Xanten, Ujerumani, mwaka 1999. Tundu lake halifiki sentimita 5, na sehemu ya mbao za fremu imesalia, jambo la nadra sana. Anayeishi kwenye nyumba ya vyumba viwili na ana meza moja ya kazi aitazame hiyo.

Kano, nywele au nailoni

Heron anasema kano za mgongo na mabega za mnyama yeyote zinafaa, isipokuwa za nguruwe, na bora zaidi ni za viungo vinavyofanya kazi sana, kama miguu ya kulungu au shingo ya fahali. Nywele ndefu za wanawake zilizopakwa mafuta nazo zinafaa. Vegetius anakumbusha kwamba Capitolium, kilima chenye ngome ya Roma, ilipozingirwa na kano zikaisha, wanawake wa Roma walikata nywele zao wakawapa waume zao. Kamba ilivutwa kwanza kwa winchi mpaka ipungue unene kwa theluthi moja, ndipo ikaonekana tayari.

Kano unaweza kuzipata machinjioni, lakini kuzikausha, kuzipondaponda na kuzisokota kwa bunda zima ni kazi ya miezi, na zikilowa zinalegea. Waundaji wengi wa leo hutumia nailoni au singa za farasi. Sina ugomvi na nailoni kwenye mtambo wa kwanza. Ninachokataa ni mtu kupima masafa kwa nailoni kisha akatangaza kwamba hayo ndiyo masafa ya Warumi.

Kwa hiyo uchukue upi

Kama ni kikundi cha shule chenye wiki chache na hamu ya kuona kitu kikirushwa, mchukue punda mwitu, mdogo, mwenye kombeo na mto mnene kama Ammianus alivyoagiza, na uwaambie wanafunzi wazi kwamba vipimo ni vyenu. Kama una mhunzi na unapenda mabishano ya wasomi, nenda Orşova. Hatra ni ya makumbusho au chuo chenye karakana. Mtu mmoja au wawili wanaotaka mtambo ambao wanaweza kuonyesha kila kipande na kusema kimetoka wapi, wamchukue nge wa sentimita 7.7. Sisiti hata kidogo.

Usianze na mbao. Anza na pete nne za shaba, kwa sababu ndizo zilizotuletea habari hii yote. Mpelekee fundi wa kusubu kalibu ya nta au ya mbao, kisha uzikereze ndani mpaka kipenyo kiwe sawa katika zote nne. Uliza mamlaka za mahali pako kabla ya jaribio la kwanza, mtu yeyote asisimame mbele wala ubavuni mwa mikono, vaa miwani ya kazi, na usifyatue kamwe bila mshale mferejini. Nguvu isiyopata cha kusukuma inarudi kwenye fremu.

Halafu fika kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote. Vitruvius anasema mjenzi lazima aujue muziki, na sababu mojawapo ni mitambo hii: bunda la kushoto na la kulia yakigongwa lazima yatoe sauti moja, la sivyo mikono haitapiga kwa nguvu sawa na mshale utakwenda kombo. Zungusha pete kidogo, gonga kwa kiganja, sikiliza, zungusha nyingine. Kama unamjua mtu anayepiga udi au gitaa, mwite siku hiyo.